Uzoefu wangu na mawakili wa kazi walioletwa kuchunguza malalamiko yangu

Malalamiko niliyowasilisha kwa mwajiri yalimhusu mkuu wa kitengo chetu, ambaye nilidai kwamba alinidhalilisha mbele ya wenzangu na kwamba alishusha alama za tathmini yangu ya kazi baada ya mimi kuhoji malipo ya saa za ziada. Kwa kuwa afisa utumishi aliyepaswa kumhoji alikuwa chini yake kicheo, uongozi ulikabidhi kazi hiyo kwa kampuni ya mawakili wa nje. Naitathmini huduma yao nikiwa mlalamikaji, si mteja aliyewalipa.

Suala hilo la nani ni mteja, wakili mchunguzi alilieleza kabla ya kuuliza swali lolote. Aliniambia kwamba ameajiriwa na mwajiri wangu, kwamba yeye si wakili wangu, kwamba nitakayosema yanaweza kuingia katika taarifa yake, na kwamba haki ya usiri kati ya wakili na mteja ni ya mwajiri, si yangu. Nchini Marekani onyo la namna hii limepewa jina la kesi ya Upjohn, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1981. Wapo wanaoliona kuwa la kutisha. Mimi lilinipa imani, kwa sababu nilijua mapema nimeketi na nani, nikapata nafasi ya kushauriana na chama cha wafanyakazi kabla ya kuendelea.

Mahojiano yenyewe yalifanywa kwa umakini ambao sikuwahi kuuona ofisini. Kusema tu kwamba nilidhalilishwa hakukumtosha. Alitaka maneno yaliyotamkwa, nani aliyasikia, na kama kuna mtu niliyemweleza siku ileile, maana maelezo yaliyotolewa tukio likiwa bichi huwa na uzito kuliko yanayokumbukwa baadaye. Nilipomwonesha picha ya skrini ya ujumbe wa mkuu wangu, aliomba kuyaona mazungumzo yote kwenye simu, yaliyotangulia na yaliyofuata, akaandika tarehe na saa za kila ujumbe. Kuhusu tathmini, hakuegemea kauli yangu wala ya mkuu wangu: alipata kumbukumbu za mfumo wa kompyuta, zilizoonesha alama zilibadilishwa lini na kupitia akaunti ya nani. Mwishoni alinisomea maelezo yangu, nikayarekebisha palipostahili, nikatia saini kila ukurasa.

Mlalamikiwa naye alipewa tuhuma zote kwa maandishi, muda wa kujiandaa na ruhusa ya kuja na mwakilishi. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba anabembelezwa, nami sikukubaliana nao. Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kazi kwa sababu za mwenendo, na uchunguzi usiompa mtu nafasi hiyo hubomoka mara tu unapofikishwa mbele ya mahakama ya kazi.

Taarifa ilipima kila tuhuma peke yake kwa kigezo cha mashauri ya madai, yaani lipi linaelekea zaidi kuwa kweli, si kile cha jinai cha kuthibitisha pasipo shaka ya msingi. Suala la tathmini lilithibitika, na pia matusi ya kikao kimoja. Kuhusu kikao kingine, ushahidi haukutosha. Hilo liliniuma, ingawa sababu zilizotolewa zilieleweka. Adhabu hawakuigusa, kwa kuwa hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi waliyopewa, ziliiacha mikononi mwa kamati ya nidhamu.

Ninalolisifu zaidi ni kwamba usuluhishi ulisimamiwa na wakili mwingine kabisa, ambaye hakuwa ameligusa jalada la uchunguzi, na ulianza baada ya matokeo kutoka. Ziko ofisi zinazokimbilia usuluhishi kwanza, zikamkalisha mlalamikaji meza moja na bosi wake ili mambo yaishe, na kwa maoni yangu huko ni kumshinikiza mnyonge asamehe jambo ambalo hata halijachunguzwa. Hapa tuliulizwa kila mmoja kwa faragha kama tunaridhia, tukahakikishiwa kwamba yatakayosemwa hayatatumika kama ushahidi kokote, na tukafikia makubaliano ya maandishi kuhusu nani atanipima kazi na maelekezo yatolewe kwa njia gani.

Kasoro zipo. Sikuoneshwa taarifa kamili, bali barua fupi ya matokeo, na katikati ya uchunguzi palikuwa na kimya kirefu ambacho ujumbe mmoja tu ungetosha kukivunja. Kubwa zaidi, muda wote huo niliendelea kuomba ruhusa na likizo kwa mtu yuleyule niliyemlalamikia, hadi nilipoomba mwenyewe nihamishiwe kwa muda kwa msimamizi mwingine. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unataja waziwazi kinga ya walalamikaji na mashahidi dhidi ya kulipiziwa kisasi, na mawakili wa kazi hawahitaji kukumbushwa hilo na mlalamikaji. Niliwaandikia kuhusu jambo hili, nao wakajibu kwa heshima kwamba pendekezo la kunihamisha lilipaswa kuwemo katika barua yao ya kwanza kwa mwajiri.