Ubao wa kutundikia leso, fundi wa nakshi Lamu

Nilikua nataka kitu cha kutundika leso ya marehemu bibi ukutani bila kuipiga misumari, nikaenda kwa fundi mmoja wa nakshi huku mjini Lamu nikamueleza, akanambia leta leso yenyewe nipime. Hapo tu nikamuamini! Leso zetu nyingi upana ni kama mita moja na nusu, yeye akakata mbao mbili za mbambakofi zikazidi kidogo kila upande, zinabana leso katikati kwa skrubu za shaba, na shaba haishiki kutu na hii hewa ya chumvi. Kitambaa hakitobolewi hata kidogo.

Nakshi sasa, mashallah. Maua ya waridi yameshikana na mnyororo kama kwenye fremu za milango ya zamani, amechonga kwa patasi na nyundo ya mbao, ukipitisha kidole unasikia kila mkato. Upande wa ndani kapiga msasa laini kabisa usije ukavuta nyuzi, maana leso ni pamba na hii imeshazeeka.

Kilichoniudhi ni siku, aliniahidi wiki moja zikawa tatu, na simu hashiki. Pia ni mzito, na kuta zetu za matumbawe na chokaa zinamomonyoka ukitoboa ovyo, kwa hivo mwambieni aje kufunga mwenyewe. Mimi alikuja, akatoboa taratibu, na sasa pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa kwenye leso) vyote vinaonekana ukiingia tu ukumbini. Mama alipoiona alisimama pale kitambo, hakusema kitu. Nishaagiza wa pili.