Bunduki ndogo ya gundi ya wati 20: inafaa kwa maua ya karatasi chakavu?

Anayeanza kutengeneza maua ya karatasi chakavu huambiwa kwanza anunue bunduki ya gundi ya moto, ile ndogo ya wati 20 inayoyeyusha vijiti vya gundi vyenye unene wa milimita 7. Kwa trei za mayai na mashina, ushauri huo ni mzuri. Kwa waridi la gazeti, chupa ndogo ya gundi nyeupe ya seremala inaishinda mbali.

Trei ya mayai ni karatasi iliyorojeshwa ikafinyangwa: nene, yenye vinyweleo. Gundi ya maji hufyonzwa kabla haijashika, lakini ya moto hukaa juu na kuganda upesi. Kata vikombe trei ikiwa kavu, kwa sababu ikilowa huchanika vipande. Chonga ukingo wa kila kikombe upate petali nne, tumbukiza kimoja ndani ya kingine petali zikipishana, na tone moja katikati linatosha. Trei ya mayai 30 hutoa maua 15 ya namna hiyo, na zile pembe zinazosimama kati ya mayai hufaa kuwa kiini. Shina la kijiti cha mshikaki nalo hushika vizuri: toboa kitako cha ua, ingiza ncha, zungushia gundi ya moto, hesabu mpaka 20 bila kutikisa.

Sasa waridi la gazeti. Kata duara la sentimita 20, likate mzunguko wa konokono wenye upana wa sentimita 2.5, ubakize kiduara cha sentimita 4 katikati. Viringisha kuanzia ncha ya nje, kisha legeza vidole ua lifunguke, ndipo ulikalishe juu ya kile kiduara chenye gundi. Hapo ndipo bunduki inapoharibu kazi. Gundi yake huganda kabla mizunguko haijapanguka vizuri, kwa hiyo ama waridi linabaki limebana kama kifungo, au mizunguko ya ndani haigusi gundi na ua linafumuka kesho yake. Gazeti pia ni jepesi, gramu 45 hivi kwa mita ya mraba, na uvimbe wa gundi huonekana kwa nje. Gundi nyeupe inakupa dakika kadhaa za kurekebisha na ikikauka haionekani.

Nayo ina kosa lake: ikizidi, maji yake huvimbisha nyuzi za karatasi, petali zikajikunja ovyo. Usimimine kutoka kwenye chupa. Paka kwa kijiti cha meno, utando mwembamba, subiri dakika moja inate ndipo uunganishe, kisha iache usiku mzima kabla ya kulifunga ua kwenye shada.

Petali zikikataa kujipinda, usilaumu gundi. Chana kipande cha gazeti: upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndiko nyuzi zinakolala. Laza penseli sambamba na nyuzi hizo ukiviringisha, na petali itatii. Karatasi ya ofisini ya A4 ina tabia hiyohiyo, ila ni ngumu zaidi. Karatasi ya majarida yenye kung'aa hupasuka rangi kwenye mikunjo, kwa hiyo itumie kwa majani tu. Risiti za mashine za EFD, zile za kielektroniki za kutolea risiti madukani, ziweke kando kabisa, kwa kuwa karatasi yake hugeuka nyeusi ikipata joto, na bunduki ina joto la kutosha kuichafua papo hapo.

Zile nyuzi za gundi ya moto kama za utando wa buibui hutokea ukivuta bunduki moja kwa moja juu. Zungusha ncha kiduara kidogo kabla ya kuinua, zitakatika. Kiegemeo chake cha waya ni dhaifu, hivyo weka bunduki juu ya kipande cha kigae, maana hudondosha gundi muda wote ikiwa kwenye umeme. Ipe dakika tano ipate moto, kwani ukilazimisha kitufe mapema kijiti hupinda ndani na kukwama.

Kwa mapambo ya harusi yatakayosafirishwa, jambo moja zaidi: ndani ya gari lililofungwa juani gundi ya moto hulainika na vichwa vya maua huinama. Mashina ya mzigo wa namna hiyo yafunge pia kwa utepe wa karatasi ya kaki wa sentimita 1, uliopakwa gundi nyeupe na kuzungushwa kimshazari kutoka kitako cha ua hadi chini.