Mhadhara wa Supasimetria, Mkunguni: Wahi Viti vya Mbele

Mihadhara ya jioni inayotolewa karibu na uwanja wa Mkunguni, Lamu, safari hii ilihusu supasimetria, nadharia inayodai kwamba kila chembe ya msingi ina mwenzi ambaye bado hajaonekana. Mhadhiri alieleza kwa utulivu jinsi protoni zinavyogonganishwa katika mtambo wa LHC wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, wenye mzingo wa kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, huku watafiti wa vigunduzi vya ATLAS na CMS wakitafuta migongano ambayo hesabu yake ya mwendo ina pengo, ishara ya chembe iliyopita bila kugunduliwa. Kwa kuwa ziada ya migongano hiyo haijathibitishwa, gluino (mwenzi anayedhaniwa wa gluoni, chembe inayounganisha kwaki ndani ya protoni), katika mifano sahili ambamo chembe inayotoroka ni nyepesi, haiwezi kuwa na uzito chini ya takriban TeV 2 (TeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa uzito wa chembe), yaani zaidi ya protoni elfu mbili.

Nilichokithamini zaidi ni tahadhari yake: gluino na chembe inayotoroka zikikaribiana uzito, mabaki ya mgongano huwa hafifu na mpaka huo hulegea, kwa hiyo nadharia imebanwa, haijazikwa. Grafu ya mipaka, bahati mbaya, haikusomeka kabisa kutoka safu za nyuma.