Kibali cha siku moja, Mto Trent: mto mzuri, maelezo haba

Nimekulia Kigoma, ambako mtoto hutambua samaki kama mgebuka na kuhe kabla hajajua kusoma, lakini katika miaka sita niliyoishi Uingereza sikuwahi kutia ndoana majini. Mwezi Juni mwaka huu mpwa wangu mwenye umri wa miaka 14 alinishikilia mpaka nikakubali, nikanunua kibali cha siku moja cha kuvua katika kipande cha Mto Trent ambacho haki yake ya uvuvi imeshikwa na chama kimoja cha wavuvi wa mshipi. Naandika niliyoyaona huko kwa ajili ya Mswahili mwenzangu anayefikiria kufanya hivyo hivyo.

Kwanza kuna leseni ya serikali, ambayo wengi huichanganya na kibali. Leseni hutolewa na Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, kwa njia ya intaneti, na nilimaliza kuijaza kabla chai yangu haijapoa. Mtu mzima hulipa zaidi ya pauni 30 kwa miezi 12. Mwenye umri wa miaka 13 hadi 16 halipi chochote lakini ni lazima awe nayo, na aliye chini ya hapo haihitaji. Anayevua bila leseni anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500. Kwa upande huo sina lalamiko. Hata hivyo, leseni haikupi ruhusa ya kukaa ukingoni mwa mtu, kwa sababu haki ya kuvua katika sehemu kubwa ya mito ya Uingereza ni mali ya mwenye ardhi au ya chama kilichoikodi, na hapo ndipo kibali kinapohitajika.

Tulikwenda Jumamosi ya kwanza baada ya msimu kufunguliwa. Samaki wa mtoni wasio wa jamii ya samoni na trauti hawavuliwi kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, ili wapate kutaga. Hilo halikunishangaza hata kidogo, maana Ziwa Tanganyika nalo, kwa upande wa Tanzania, lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, na ndugu zangu walikaa miezi mitatu wakisubiri. Tofauti ni kwamba kwetu ziwa linapofunguliwa watu hula samaki.

Muuzaji wa duka la vifaa alinikatia kibali kwa pauni 10, akanipimia mabuu ya chambo, akaniuzia machubwi mawili ambayo sikuyahitaji, akanitakia siku njema. Habari ya nini kifanyike samaki akipatikana hakuigusa. Maelezo yalikuwa nyuma ya kibali, kwa herufi ndogo kama za kwenye kijikaratasi cha dawa: kila samaki arudishwe majini akiwa hai.

Nasema ni kosa la huduma, kwa sababu sheria yenyewe haisemi hivyo. Kanuni zilizoanza mwaka 2010 zinamruhusu mvuvi wa mtoni, kwa siku moja, kuchukua samaki aitwaye paiki (pike) mmoja asiyezidi sentimita 65, wale waitwao grelingi (grayling) wawili wenye urefu wa kati ya sentimita 30 na 38, na samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20 wa aina zilizotajwa. Samaki aina ya mkunga hachukuliwi kabisa. Lakini yote hayo ni kwa ridhaa ya mwenye haki ya uvuvi, na asiyeridhia anaweza kukushtaki kwa wizi chini ya sheria ya mwaka 1968. Kwa hiyo mgeni aliyesoma kanuni za serikali kwa makini, akaleta rula yake, bado anaweza kurudi nyumbani akiitwa mwizi kwa sababu ya samaki wa kiganja kimoja.

Saa tano asubuhi ufito wa kijana ulipinda mpaka nikadhani umenasa kwenye gogo. Tulimtoa samaki aitwaye baabeli (barbel) wa kilo tatu hivi, wa jamii moja na kuyu wa mito yetu, mwenye sharubu nne na mapezi mekundu. Mzee wa kibanda cha jirani alikuja bila kuitwa, akalowesha mkeka, akamlaza samaki juu yake, akaichomoa ndoana, kisha akaingia maji ya magotini na kumshika akielekezwa mkondo unakotoka, matamvua yakifunguka na kufumba, mpaka samaki mwenyewe alipojipiga mkia na kuondoka. Mpwa wangu alitazama yote hayo kimya.

"Mjomba, yaani tumelipa ili tumwone?"

Sikuwa na jibu. Baadaye mlinzi wa chama alipita, akaomba vibali, jambo ambalo ni haki yake, kisha akaomba nifungue begi. Alikuta chapati na chupa ya chai. Kwenye kibanda cha jirani hakukagua begi lolote.

Kukaguliwa kwa begi la mgeni kama mimi kuna historia yake. Baada ya Umoja wa Ulaya kupanuka mwaka 2004, walifika watu wengi kutoka Poland, Lithuania na kwingineko, ambako samaki aitwaye kapu (carp) ni chakula cha Krismasi, na vyama vya wavuvi vikaanza kulalamika kwamba samaki wanatoweka. Ubao wa kwenye geti umeandikwa katazo kwa lugha nne. Wapo kweli wanaotega mishipi usiku na kujaza magunia, na hao washtakiwe. Baabeli mkubwa huchukua miaka mingi kukua, na mto unaovuliwa na watu wengi hivyo hauwezi kumlisha kila mmoja. Hoja ya chama naikubali. Nisichokubali ni kushukiwa getini wakati pale dukani, mahali fedha yangu ilipopokelewa, hakuna aliyeona haja ya kuniambia sentensi moja.

Ukingo wenyewe ni safi, vibanda ni imara, maegesho yako karibu, na pauni 10 si ghali. Mto naupa alama nne kati ya tano, huduma ya chama mbili. Anayetaka kitoweo asipoteze muda huko, bali atafute mabwawa ya trauti, ambako kibali hutaja waziwazi idadi ya samaki utakaoondoka nao, wawili au wanne, na bei hufuata idadi hiyo. Mpwa wangu ameshachagua bwawa tutakalokwenda, ameniandikia tarehe kwenye kalenda ya jikoni, na ameuliza kama pilipili na ndimu twende navyo au visubiri nyumbani.