IPS, muhtasari wa mgonjwa unaovuka mipaka: nimeupa nyota nne, ya tano nimeikata kwa makusudi

Nianze na nyota kabisa maana wengi wetu tunasoma hapo tu halafu tunasepa: nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata nitaieleza mbele, na mi naona ni ishu kubwa kuliko mazuri yote ntakayoyasema hapa, kwa hiyo kama una haraka ruka mpaka kwenye aleji.

Kwa ambaye hajaisikia, IPS (International Patient Summary) ni fomati ya faili moja fupi yenye yale mambo ambayo daktari asiyekujua kabisa, kwenye nchi usiyoishi, anatakiwa ayajue kabla hajakuandikia chochote. Kiwango chenyewe ni ISO 27269, kilichotoka mara ya kwanza 2021 na kilichotokana na kile cha Ulaya cha 2019, na ukichimba zaidi mizizi inaenda hadi mradi wa epSOS wa Ulaya ulioanza 2008. Kwa sisi watu wa mifumo kazi inafanyika zaidi kwa FHIR, ile njia ya kupanga na kutumiana data za afya iliyoanzishwa na Mwaustralia Grahame Grieve mwaka 2011 na sasa iko chini ya HL7, shirika linalotunga viwango vya data za afya.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni udogo wake. Watu wakikaa kikao cha kuunganisha nchi na nchi kila mtu anataka faili zima livuke, kila kipimo, kila karatasi tangu mgonjwa azaliwe, matokeo yake miaka inakatika hakuna kilichovuka. Hii fomati inakulazimisha sehemu tatu tu: dawa anazotumia, aleji, na matatizo ya kiafya aliyonayo. Chanjo, upasuaji, vifaa alivyowekewa mwilini na majibu ya vipimo inashauri uviweke, na mambo ya ujauzito, presha ya leo au mipango ya matibabu unaweka ukiwa navyo. Basi. Mtu wa figo atalalamika kwamba haimtoshi na yuko sahihi, haikutengenezwa kwa ajili ya bingwa wa figo, ni ya daktari yeyote zamu ya usiku.

Kingine ni kwamba kila sehemu inakuja na maandishi ya kawaida ya kusomwa na binadamu pamoja na misimbo ya kusomwa na mashine, yani hata kama mfumo wa upande wa pili ni wa kizamani unaweza bado kufungua na kusoma. Misimbo yenyewe ndo inayookoa. Dawa ambayo kwingi inaitwa paracetamol Marekani ni acetaminophen, salbutamol kule ni albuterol, sasa muuguzi anayeona jina geni anaweza kumpa mtu dawa ileile mara mbili. Na vipimo je? Sukari 5.6 ya mmol/L ni kama 101 ya mg/dL, unazidisha kwa 18, na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache) ya asilimia 7 kwingine inaandikwa 53 ya mmol/mol. Namba bila kizio ni hatari, ndo maana hapa kipimo kinabeba msimbo wa LOINC (orodha ya kimataifa ya majina ya vipimo) na kizio cha UCUM (orodha ya namna moja ya kuandika vizio), hakuna kukisia.

Bei: maelezo ya fomati kwa FHIR unayapata bure, LOINC bure. SNOMED CT, kamusi kubwa ya misimbo ya magonjwa na mambo ya kitabibu, ndo ilikuwa inawatoa watu jasho maana inaendeshwa kwa uanachama wa nchi, ila kuna seti yake iliyotolewa kwa leseni huria maalum kwa ajili ya IPS, kwa hiyo nchi isiyo mwanachama nayo inaanza. Hapo nawapongeza, wangeweza kukomaa.

Je inafanya kazi kweli au ni ya kwenye makaratasi? Inafanya. Mwaka 2024 muhtasari wa aina hii ulitumika kwa mahujaji waliotoka Indonesia, Malaysia na Oman kwenda Saudi Arabia, kupitia mtandao wa uthibitisho wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa 2023 baada ya ule mfumo wa vyeti vya Korona vya Ulaya. Nimeipenda hiyo kwa sababu mahujaji wengi ni watu wazima, wana presha, wana sukari, na wako katikati ya joto mbali na hospitali yao, ukitaka kujaribu fomati hii hutapata mtihani mgumu zaidi ya huo.

Ulaya wao wana MyHealth@EU, mtandao wa kutumiana taarifa za wagonjwa kati ya nchi na nchi. Wamechelewa, tuseme ukweli, lakini wametembea: Januari 2019 raia wa Finland walianza kuchukua dawa kwenye famasi za Estonia kwa cheti cha dawa cha kielektroniki kilichoandikwa kwao. Februari mwaka huohuo Tume ya Ulaya ikatoa pendekezo la fomati moja ikitaja mambo matano: muhtasari wa mgonjwa, vyeti vya dawa, majibu ya maabara, picha za vipimo, na ripoti za kuruhusiwa hospitali. Pendekezo tu, anayetaka atekeleze. Sheria yenye meno imeanza kuwa na nguvu Machi 2025, na hata hiyo muhtasari na vyeti vya dawa vimepewa mpaka Machi 2029, maabara na picha mpaka 2031. Bana! Ila kuna kitu wamekifanya vizuri sana na natamani kila mtu aige: muhtasari ukivuka daktari anapata matoleo mawili, moja limegeuzwa kwa lugha yake kupitia misimbo, na jingine ni PDF ya asili kama ilivyoandikwa kule ulikotoka. Akiona tafsiri inamtia shaka anafungua ya asili. Kikwazo kwa watu wa mifumo ni kwamba wao walianza na CDA, fomati ya kizazi cha nyuma, kwa hiyo ukijenga leo kwa FHIR jiandae kuwa na kigeuzi katikati, na kila kigeuzi ni mahali ambapo kitu kinaweza kudondoka bila mtu kujua.

Haya, aleji.

Sehemu ya aleji ikiwa tupu maana yake nini? Inaweza kuwa mgonjwa aliulizwa akasema hana. Inaweza kuwa hakuna aliyemuuliza. Kwa mtaalamu wa usingizi hizo ni habari mbili tofauti kabisa, ya kwanza anaendelea na kazi, ya pili anasimama anauliza kwanza, au kama mgonjwa hajitambui anachagua dawa kwa tahadhari. Waliotengeneza IPS walilijua hili na hapa ndo nawavulia kofia: hairuhusu uache wazi. Kuna msimbo wa "hakuna aleji inayojulikana" na mwingine tofauti wa "hakuna taarifa", lazima uchague mmoja, na ni hivyohivyo kwenye dawa na kwenye matatizo ya kiafya. Mifumo mingi ya hospitali haina hata hiyo tofauti ndani yake.

Sasa ndo tatizo lenyewe. Kama mfumo wako wa nyumbani una kisanduku kimoja tu, na kiko tupu, kile kigeuzi kinachotoa IPS kinaandika nini? Nimeshaona mfumo, sitautaja, ambao programa aliona fomati inadai kitu akaijazia "hakuna aleji inayojulikana" kwa kila mgonjwa mwenye kisanduku tupu. Faili likapita ukaguzi wote, kijani tupu kwenye skrini, na kila mtu akafurahi. Ukaguzi unaangalia kama faili limepangwa sawa, haujui kama limesema kweli. Na uwongo wa hivyo kwenye karatasi ulikuwa unaishia palepale wodini, ila sasa unavuka mpaka ukiwa na saini ya kidijitali na daktari wa upande wa pili anauamini kuliko angeamini karatasi. Watu wanabishana miaka kuhusu CDA au FHIR wakati nesi wa mapokezi hana hata sehemu ya kubonyeza "sijamuuliza".

Nyota ya tano imeishia hapo, na najua fomati itajitetea kwamba sio kosa lake.

Kwa hiyo ukiwa unanunua mfumo na muuzaji anakwambia tunatoa IPS, usimwombe cheti wala slaidi. Mwambie asajili mgonjwa wa majaribio mbele yako, kwenye aleji asiguse kitu, asave, halafu atoe muhtasari mfungue pamoja msome kilichoandikwa. Ikitoka "hakuna aleji inayojulikana", mkataba usisaini, hata kama bei ni tamu.