Tathmini ya Huduma ya Wagonjwa Mahututi: Vipimo Safi, Maelezo Haba

Tathmini hii inahusu chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja binafsi jijini Mombasa, ambako mjomba wetu alitangazwa kuwa amefariki kwa kufa ubongo, huku kifua chake kikiendelea kupanda na kushuka kwa nguvu ya mashine ya kupumulia.

Upande wa utabibu sina lawama. Kabla ya kupima, madaktari walihakikisha kwamba joto la mwili liko sawa na kwamba dawa za usingizi zimekwisha mwilini, kwa kuwa baridi na dawa hizo huweza kumfanya aliye hai adhaniwe maiti. Ndipo walipommulika mboni, wakamgusa jicho kwa pamba, wakamtia maji baridi sikioni na kumchokoa koo; mwisho wakamtenga na mashine kwa dakika kadhaa, oksijeni ikiendelea kupitishwa, ili waone kama hewa ya ukaa inayojikusanya katika damu itamlazimisha kuvuta pumzi. Hakuvuta. Mmoja wetu aliruhusiwa kushuhudia, na hilo lilizima minong'ono mingi nyumbani.

Maelezo ndiyo yaliyopungua. Kigezo hiki cha kufa ubongo si cha jana, kwani kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilikipendekeza mwaka 1968, baada ya mashine kuwezesha moyo kupiga katika mwili ambao ubongo wake umekwisha. Hata hivyo, hakuna aliyetufafanulia ni saa ipi ihesabiwe kuwa saa ya kifo, nalo si jambo dogo kwa familia ya Kiislamu, maana eda ya mjane, yaani muda anaongoja kabla ya kuolewa tena, na mirathi huanzia hapo. Wanazuoni wenyewe wametofautiana: Baraza la Fiqhi, yaani la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lililokutana Amman mwaka 1986 lilikubali kwamba kifo cha ubongo ni kifo kisheria, ilhali lile la Makka, mwaka uliofuata, liliruhusu mashine iondolewe lakini hukumu za kifo zisubiri moyo na pumzi visimame kabisa.

Mjomba alipimwa jioni na mashine ikazimwa kesho yake. Taarifa ya kifo iliandikwa ya jioni, ilhali kitanda cha usiku ule tulitozwa kama cha mgonjwa. Ama alikuwa maiti, na bili ingesimama jioni, ama alikuwa hai, na taarifa ingeandikwa ya kesho yake; hospitali ilijichukulia yote mawili.

Kwa vipimo na upole wa wauguzi ningewapeleka jamaa zangu huko tena, ila ningedai saa ya kifo kwa maandishi kabla ya kutia saini karatasi yoyote.