Miezi minane na AlmaLinux: distro niliyojifunzia kazi ya seva

Kabla ya AlmaLinux nilikuwa mtu wa kuhamahama kati ya distro, yaani matoleo mbalimbali ya mfumo wa Linux. Leo Mint, wiki ijayo Fedora, kisha Arch kwa kuwa nilisikia ndiyo ya mafundi. Kila nilipohama nilianza upya kupanga deskitopu, na kuhusu seva sikujua kitu. Siku moja niliketi nikasoma matangazo ya kazi nilizozitamani, moja baada ya jingine, nikakuta majina mawili yakijirudia: Red Hat na Ubuntu. Nikaamua kujifunza kile kitakachonikuta kazini.

AlmaLinux ni ya bure na inafuata kwa karibu sana Red Hat Enterprise Linux, mfumo wa seva wa kampuni ya Red Hat. Ilitoka 2021, mwaka ambao CentOS Linux 8, nakala ya bure ya mfumo huohuo, ilifikia mwisho wake. Ukizoea dnf (ya kusakinisha programu), firewalld (ukuta wa moto) na SELinux (ulinzi unaotumia lebo kuamua programu ipi iguse faili ipi) humo, umeshaanza kujiandaa kwa RHCSA, mtihani wa cheti cha Red Hat, wa vitendo mtupu: unapewa mashine, unafanya kazi. Niliweka toleo la 9 kwenye mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), bila deskitopu, kwa RAM ya GB 2, ikatosha.

Mwalimu wangu mkubwa amekuwa SELinux. Nilitengeneza tovuti ndogo kwenye folda yangu ya nyumbani, nikaihamishia /var/www/html kwa amri ya mv. Apache, programu inayotoa kurasa za wavuti, ikagoma: 403, yaani hairuhusiwi. Ruhusa ziko sawa, mmiliki yuko sawa. Karibu kila ushauri niliousoma ulisema zima SELinux. Sikutaka, maana kwenye seva ya watu huwezi kuvunja mlango kwa sababu ufunguo umekusumbua. Nilipoandika ls -Z, inayoonyesha lebo za faili, nikaona faili bado zina lebo ya user_home_t, ya folda ya nyumbani. Kumbe mv huhama na lebo ya zamani, ilhali faili iliyonakiliwa kwa cp kwa kawaida hupata lebo ya folda inakofikia. Nikaendesha restorecon -Rv, inayorudisha lebo sahihi, ukurasa ukafunguka. Jioni nzima iliishia kwenye amri moja, na sijuti. Baadaye kwenye usaili niliulizwa ukurasa unaweza kukataa kwa nini wakati ruhusa ziko sawa. Nilieleza habari ya lebo bila kubabaika.

Kasoro zipo. Programu nyingi hazimo kwenye hazina yake ya msingi, utahitaji EPEL, hazina ya ziada, mapema. Kompyuta kongwe sana itakataa, kwa sababu toleo la 9 linadai prosesa ya kiwango cha x86-64-v2. Kwa shughuli za kila siku nimebaki na Ubuntu LTS (toleo linalodumishwa kwa muda mrefu), nayo inanizoesha apt, ya kusakinisha programu kama dnf, ambayo utaikuta sana kwenye seva za wingu. Distro ya Kali simshauri anayeanza: imeundwa kwa ajili ya kupima usalama.

Red Hat yenyewe humpa mtu binafsi usajili wa bure wa watengenezaji programu, hadi mifumo 16. Mwezi ujao nahamishia huko mazoezi yangu ya mwisho kabla ya mtihani.